Mtoto wa Kariakoo Analelewa na Nani? Kituo Bora cha Kulelea Watoto Wadogo Mchana

Mada kwa viongozi wa walei na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo



Tunapozungumza habari za haki na amani, fikra zetu huenda haraka kwenye mahakama, ardhi, uchaguzi na mishahara. Leo twapenda tutazame jambo ambalo halizungumzwi sana katika semina zetu, nalo ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, kile ambacho wengi wetu tumezoea kukiita chekechea au shule ya vidudu. Mahali anaposhinda mtoto wa miaka 2 wakati mama yake yuko sokoni ni suala la haki sawasawa na hayo mengine. Tutafuata njia tuliyoizoea: kuona, kutafakari na kutenda.

1. TUONE: MJI WETU ULIVYOBADILIKA

Kariakoo ni mji wa kazi tangu jina lake. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichopiga kambi hapa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye zikajengwa nyumba za Kiswahili tunazozifahamu: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma. Katika nyumba hizo waliishi wapangaji wa makabila na dini mbalimbali. Mama mmoja alipokwenda sokoni, mwenzake alikuwa uani anafua au anapika, na mtoto alikuwa chini ya macho ya wengi. Hatusemi kwamba kila kitu kilikuwa chema, maana watoto waliungua kwa mkaa uani, na maji machafu yaliwaua wengi. Hata hivyo mtoto hakukosa mtu wa kumtazama.

Tangu biashara ilipofunguliwa huria, na hasa kuanzia miaka ya 1990, nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine. Katika mitaa ya Kongo, Mchikichi, Sikukuu, Narung'ombe na mingineyo yameinuliwa maghorofa yenye fremu za maduka chini na stoo za mizigo juu. Ua umetoweka, na pamoja nao umetoweka ule utaratibu wa malezi ambao hakuna aliyeuandika wala kuulipia. Familia nyingi zimehamia pembezoni, Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na kwingineko, lakini riziki imebaki Kariakoo. Hivyo mama hutoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku.

Soko lenyewe limepita katika misukosuko. Jengo lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye soko la chini tunaloliita Shimoni, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wachuuzi wakatawanyika. Mwaka 2025 ukazinduliwa utaratibu wa kufanya biashara saa 24. Yalizungumzwa mambo ya taa, ulinzi na usafiri, na hayo ni mema. Lakini yatupasa kuuliza pia: mama akiuza bidhaa saa 4 za usiku, mwanawe yuko wapi?

Tukitazama kwa makini tutamwona mtoto huyo katika mojawapo ya mahali pane. Yupo aliyeachwa na dada yake wa miaka 10, ambaye kwa sababu hiyo hakwenda shule. Yupo aliyeachwa na msichana wa kazi, ambaye naye ni mtoto wa mtu, aliyeletwa kutoka kijijini bila kufundishwa lolote juu ya malezi. Yupo aliyelazwa chini ya meza ya mama lishe, kati ya jiko la mkaa na njia ya mikokoteni. Na yupo aliyepelekwa katika chumba cha mtu mtaani, pamoja na wenzake 20 au 30, chini ya mwanamke mmoja, mlango umefungwa ili wasitoke barabarani.

Tuseme wazi kwamba akina mama hawa si wazembe. Wanafanya kazi ili mtoto ale. Walichokosa ni mahali panapostahili pa kumwacha.

2. TUTAFAKARI

(a) Ni haki, wala si hisani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1991, unazitaka serikali zichukue hatua ili watoto wa wazazi wanaofanya kazi wanufaike na huduma za malezi. Hapa nchini, mwaka 1981 Bunge lilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Baadaye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilichukua nafasi yake. Kwa sheria hiyo, kituo hakina budi kusajiliwa na kukaguliwa na maofisa wa Ustawi wa Jamii, na serikali za mitaa zina wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lao. Aidha, mwezi Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto.

Pamoja na hayo limebaki pengo kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamruhusu muda usiozidi saa 2 kwa siku za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Ni sheria njema. Lakini mama anayeuza nyanya, machinga mwenye khanga begani na mama lishe hawana mwajiri. Siku 84 hizo atamdai nani? Siku asipofika sokoni, siku hiyo hakuna chakula. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule za serikali haitozwi ada, nayo ni hatua ya kushukuru. Hata hivyo inamhusu mtoto aliyekaribia kuanza darasa la kwanza, tena kwa kawaida masomo yake humalizika mapema. Kwa hiyo mtoto wa mwaka 1, 2 au 3 hubaki mikononi mwa soko huria, yaani hulelewa kadiri ya uwezo wa mfuko wa mama yake.

Sisi tunaoamini kwamba Bwana aliwakemea wanafunzi waliowazuia watoto wasimkaribie, hatuwezi kulitazama pengo hilo na kupita kando.

(b) Kituo bora hutambuliwaje?

Wazazi wengi huvutwa na sare, picha zilizochorwa ukutani, gari la kuwachukua watoto, na mtoto kuweza kuhesabu kwa Kiingereza. Hivyo vyote vinaweza kuwapo na kituo kikawa kibaya. Twapendekeza alama tano za kuangalia. Hazihitaji utaalamu, na kila mzazi anaweza kuziona akikaa kituoni nusu saa.

Alama ya kwanza ni idadi ya mikono. Mtoto mchanga hawezi kusubiri zamu. Akilia kwa njaa, kwa kujikojolea au kwa hofu, anahitaji mtu amjibu. Nchini Uingereza sheria huruhusu mlezi mmoja kwa watoto 3 tu walio chini ya miaka 2. Huenda tusifikie hapo mara moja, lakini mlezi mmoja mwenye watoto 25 wa umri huo hawezi kuwalea hata angekuwa na moyo wa malaika. Atawazuia tu wasiumie, na hata hilo atashindwa.

Alama ya pili ni maneno. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa katika miaka ya kwanza, na chakula chake kimojawapo ni kuzungumzishwa: mtoto anatoa sauti, mtu mzima anamjibu kwa uso na kwa neno. Tuwasikilize walezi. Je, wanawaita watoto kwa majina? Je, wanawaimbia, wanawatolea hadithi na vitendawili kwa lugha ambayo watoto wanaielewa? Kiswahili chetu ni hazina, wala mtoto wa miaka 3 hapungukiwi kitu kwa kujifunza kufikiri katika lugha ya mama yake. Kituo ambamo watoto wamenyamaza kimya mchana kutwa kisitupendeze. Na popote penye fimbo mkononi mwa mlezi, au dawa ya kikohozi wanayonyweshwa watoto ili walale, tumwondoe mtoto siku hiyohiyo na kutoa taarifa.

Alama ya tatu ni chakula, maji na usafi. Mtoto anayeshinda kituoni saa 10 au zaidi hula sehemu kubwa ya chakula chake cha siku pale. Uji uwe na kitu cha kujenga mwili, kama vile karanga, maziwa au dagaa waliosagwa. Maji ya kunywa yachemshwe, na mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kipindupindu kilicholipuka jijini mwezi Agosti 2015 kilitukumbusha kwamba katika mji uliosongamana ugonjwa hupita haraka kutoka mkono hadi mkono. Mlezi aitazame kadi ya kliniki ya kila mtoto na kujua nani hajamaliza chanjo.

Alama ya nne ni usalama wa mahali. Tusiulize tu kama chumba ni kizuri, bali kiko ghorofa ya ngapi, ngazi zina kizuizi, milango ya kutokea ni mingapi, na jikoni pametenganishwa vipi na watoto. Ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, na lile la hapa Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024, yalitufundisha kwa uchungu kwamba jengo lililosimama si lazima liwe jengo salama. Usalama ni pamoja na kujua nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kutomwachia mtu mwingine yeyote.

Alama ya tano ni mchezo. Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Anapomimina maji kutoka kopo hadi kopo anajifunza vipimo. Anapopanga vifuniko vya chupa kwa rangi anajifunza kuainisha. Hapahitaji vifaa vya bei kubwa. Kariakoo hutupa kila siku maboksi, vibao, vitambaa na vifuu vinavyoweza kusafishwa na kugeuzwa kuwa vifaa vya kuchezea. Kinachohitajika ni nafasi, kivuli, na mlezi anayeelewa kwamba mchezo ndio kazi ya mtoto.

(c) Hata maskini wanaweza kuwa na kilicho bora

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Historia inatujibu vinginevyo. Tarehe 6 Januari 1907, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Ulikuwa mtaa wa vibarua. Wazazi walishinda kazini, na watoto wao walizagaa kwenye ngazi za maghorofa wakichafua kuta, hata wenye majengo wakatafuta mtu wa kuwatunza. Kwa hiyo njia ile ambayo leo jina lake hutumika kutangaza shule za ada kubwa ilizaliwa miongoni mwa watoto wanaofanana sana na wetu. Hapa Tanzania masista wamewafundisha walimu wengi njia hiyo, na mafunzo hayo yamekuwa yakitolewa hata hapa jirani, Msimbazi.

Karibu nasi zaidi, ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, katika miaka ya 1980, walitaka watoto wao wapate malezi ya awali yasiyowatenga na dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan walianzisha vituo vilivyoungana na madrasa, wakawafundisha wanawake wa mtaani humohumo kuwa walimu, na wakatengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana mahali hapo. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Kariakoo, ambako msikiti na kanisa hutazamana, tuna la kujifunza hapo.

Faida zake nazo zimepimwa. Katika mji wa Ypsilanti huko Marekani, kuanzia mwaka 1962, walifuatiliwa watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi. Watoto 58 kati yao walipata kituo chenye walimu waliofunzwa, watoto wachache kwa kila mwalimu, na mwalimu aliyewatembelea wazazi nyumbani. Walipofikia umri wa miaka 40, hao 58 kwa jumla walikuwa wamesoma zaidi, walipata kipato zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Tuzingatie kwamba hicho kilikuwa kituo chenye mikono ya kutosha. Mtu asichukue mfano huo kutetea chumba chochote chenye watoto ndani yake.

(d) Mlezi anayedhulumiwa

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mada yetu. Alama zote tano zinamtegemea mtu mmoja, naye ni mlezi. Tufanye hesabu, kwa mfano tu. Kituo kina watoto 24, kila mmoja hulipiwa Sh. 1,500 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi zitapatikana Sh. 936,000 kwa mwezi. Chakula cha Sh. 500 kwa kila mtoto kwa siku kitachukua Sh. 312,000. Kodi ya chumba tuiweke Sh. 200,000, na maji, sabuni na mkaa Sh. 60,000. Zitabaki Sh. 364,000. Tukitaka walezi watatu, kila mmoja atapata kama Sh. 121,000 kwa mwezi, naye anafika alfajiri na kuondoka usiku.

Mwenye kituo afanyeje? Akipandisha ada, mama wa nyanya atamwondoa mtoto na kumrudisha chini ya meza. Asipoipandisha, atapunguza walezi wabaki wawili, kisha mmoja. Au atajaza watoto 50. Au uji utakuwa maji matupu. Hivyo unafuu anaoupata mzazi hulipwa na mlezi kwa jasho lake, na hatimaye hulipwa na mtoto. Mlezi mwenye njaa na deni, asiyejua kama mwezi ujao atakuwapo, hawezi kuwa mpole saa 9 alasiri watoto wote wanapolia. Anapopata kibarua kingine huondoka, na mtoto aliyekwisha mzoea hupoteza mtu wake.

Mafundisho ya Kanisa hayakulinyamazia jambo hili. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba malipo ya haki ya kazi yatoshe kuitunza familia, na kwamba jamii iithamini kazi ya malezi anayoifanya mama. Kama kazi ya kumlea mtoto ina heshima hiyo nyumbani, je, inaipoteza inapofanywa kituoni kwa niaba ya mama? Hakuna kituo bora chenye mlezi anayedhulumiwa. Haki ya mtoto, haki ya mama mchuuzi na haki ya mlezi zimefungwa katika fungu moja. Ukikata kamba mahali pamoja, fungu zima linamwagika.

3. TUTENDE

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Twapendekeza hatua nne.

Kwanza, tuvitambue vituo vilivyomo katika eneo la jumuiya yetu, vilivyosajiliwa na visivyosajiliwa. Lengo lisiwe kuwashtaki akina mama wenye vyumba hivyo. Wengi wao walianza kwa kumsaidia jirani. Tuwaunganishe na Afisa Ustawi wa Jamii, tuwasindikize katika usajili, na tuwatafutie mafunzo. Lakini palipo na ukatili, hapo tusifichiane.

Pili, tutazame mali tuliyo nayo. Parokia nyingi zina kumbi na madarasa ya katekesi yanayofungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Turudi kwenye hesabu yetu: kituo kikipewa chumba salama bila kodi, zile Sh. 200,000 zitawaendea walezi, na kila mmoja atapata kama Sh. 188,000 badala ya 121,000, bila mzazi kuongezewa hata shilingi moja. Bado ni malipo madogo, lakini ni tofauti ya mlezi kubaki au kuondoka. Milango ya kituo hicho iwe wazi kwa mtoto wa kila dini.

Tatu, wazazi waunde kamati yao. Kamati ikutane kila mwezi, isome hesabu za kituo hadharani, ionje uji, ihesabu watoto na walezi. Akina baba wawemo, maana mtoto hakuzaliwa na mama peke yake.

Nne, tupaze sauti. Wachuuzi wa Kariakoo hulipa kodi na ushuru. Kila linapojengwa au kukarabatiwa soko, tuhudhurie mikutano ya serikali ya mtaa na kumwuliza diwani wetu: vizimba vimepangwa, vyoo vimepangwa, maegesho yamepangwa, chumba cha watoto kiko wapi, na nani atawalipa walezi wake?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Watoto wa chini ya miaka 5 katika mtaa wetu hushinda wapi wazazi wao wanapokuwa kazini? Tutaje mahali bila kumwaibisha mtu.

2. Tukikitembelea kituo kilicho karibu nasi, ni alama zipi kati ya zile tano tutaziona, na zipi zimekosekana?

3. Walezi wa watoto wetu, pamoja na wasichana wa kazi wa majumbani mwetu, tunawalipa nini, na wanapumzika lini?

4. Parokia yetu ina chumba gani ambacho hakitumiki siku za kazi? Nani atapeleka pendekezo kwenye Halmashauri ya Walei, na lini?

Wapendwa, mtoto wa miaka 2 hawezi kuandika barua kwa mkuu wa wilaya wala kusimama katika mkutano wa hadhara. Hawezi hata kutueleza jioni jinsi alivyoshinda. Sisi ndio tunaopaswa kwenda kuona. Tukubaliane basi kwamba kabla ya mwezi huu kwisha, kila jumuiya itakuwa imekitembelea angalau kituo kimoja, na italeta taarifa yake katika kikao kijacho.